Je, Mgonjwa Mwenyewe Ameulizwa?



Somo la toleo hili ni zito kidogo. Linahusu saratani, au kansa kama wengi wetu tunavyoiita, na yale maamuzi ambayo familia hulazimika kufanya mgonjwa anapozidiwa. Tunaomba msilisome haraka. Mmoja wenu asome kwa sauti, wengine wasikilize, na mkifika mwisho mjadiliane yale maswali. Kama kuna mtu kikundini ambaye ana mgonjwa nyumbani au ametoka kuzika, mwulizeni kwanza kama yuko tayari kwa somo hili. Akisema bado, ngojeni.

KISA CHA PLOTI YA WAITHAKA

Mama huyu hatutamtaja jina. Alikuwa mwanachama wa kikundi kimoja cha akina mama hapa Waithaka. Alikuwa mjane wa miaka 62. Aliishi kwenye kipande alichoachiwa na mumewe, kule chini upande wa mto: ua la kayaba, ng'ombe mmoja, nepia kidogo, na vyumba vinne vya mabati vya kupangisha. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo ilikuwa ikiwalipia wajukuu karo.

Alianza kutokwa na damu wakati hedhi ilikuwa imekoma miaka mingi. Aliona haya kusema. Karibu mwaka mzima alikuwa akinunua dawa za maumivu dukani na kunyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Alipofika hospitali, kansa ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshaenea. Akatibiwa kwa miale na kwa dawa za kemo, akapata nafuu miezi kadhaa. Halafu ikarudi, safari hii kwenye mifupa ya mgongo na kwenye mapafu.

Daktari aliwaita watoto kando, kwa korido, akawaambia ugonjwa umerudi. Hakuna aliyemwuliza maana yake ni nini. Kifungua mimba, kijana mwenye bidii anayempenda mama yake sana, akasema kuna hospitali India na lazima aende. Ng'ombe akauzwa. Mkopo ukachukuliwa kwa kikundi. Harambee ikaitishwa, na mtu wa kununua ploti akaja kuangalia bikoni.

Sisi tunaoandika somo hili tulikuwa kwa hiyo harambee. Ni sisi tuliokuwa tukiandika majina na pesa kwenye daftari. Mama alikuwa amelala chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa mbao, na kila neno tulilosema alilisikia.

Tulipomaliza kuhesabu, mzee mmoja jirani, rafiki wa marehemu mumewe, akasimama na fimbo yake. Akasema, "Pesa tumehesabu. Sasa ni nani amemwuliza mwenyewe?"

Tulitazamana. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Tutarudi kwa kisa hiki mwisho wa somo. Kwanza tujifunze mambo machache ambayo tungeyajua mapema, siku ile ingekuwa tofauti.

UTAFITI UMEFIKA WAPI?

Kansa sio ugonjwa mmoja. Ni magonjwa mengi yanayofanana kwa jambo moja: chembechembe za mwili zinaanza kuzaana bila mpango, na zisipozuiwa zinahama kwenda sehemu nyingine. Kwa makadirio ya mwaka 2022, hapa Kenya watu kama 44,000 hupatikana na kansa kwa mwaka mmoja, na kama 29,000 hufariki. Lakini haifai tena kusema kwamba kansa haina dawa. Kuna mambo manne ambayo utafiti umetuletea.

1. Kukinga. Karibu kansa zote za mlango wa kizazi zinaletwa na kirusi kiitwacho HPV, ambacho huambukizwa kwa njia ya kujamiiana. Jinsi kilivyojulikana ni hadithi yenye funzo. Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, mama mmoja mweusi aitwaye Henrietta Lacks alitibiwa kansa hiyo hiyo. Madaktari walichukua kipande kidogo cha uvimbe wake wakakipeleka maabara bila kumwuliza. Alikufa mwaka huo huo akiwa na miaka 31. Lakini chembechembe zake hazikufa. Ziliendelea kuzaana katika chupa za maabara, na zinatumika duniani kote mpaka leo. Ni ndani ya chembechembe hizo pia ambamo kundi la Harald zur Hausen wa Ujerumani lilikuta aina mojawapo ya HPV katika miaka ya 1980, na mwaka 2008 akapewa tuzo ya Nobel. Familia ya huyo mama ilikaa miaka kama 20 bila kujua lolote. Dunia nzima imefaidika naye, na hakuulizwa.

Sasa linganisheni na utafiti mwingine uliofanywa karibu nasi. Kuanzia mwaka 2018, watafiti wa KEMRI pamoja na wenzao wa Marekani, akiwemo Profesa Nelly Mugo, walitaka kujua kama dozi moja ya chanjo ya HPV inatosha badala ya mbili au tatu. Walikwenda Nairobi, Thika na Kisumu, wakapata wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20. Hawa walielezwa kwanza, wakakubali wenyewe. Wengine walipewa chanjo ya HPV, wengine wakapewa kwanza chanjo ya homa ya uti wa mgongo ili ilinganishwe, na baadaye hao nao wakapewa ya HPV. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Baada ya miezi 18, dozi moja ilikuwa imezuia zaidi ya 97 kwa kila 100 ya maambukizo ya zile aina mbili mbaya zaidi. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba dozi moja yaweza kutosha, na Kenya nayo imehamia dozi moja. Dunia ilijifunza kutoka kwa wasichana wetu, na hawa waliulizwa.

Hapa Kenya chanjo hii hutolewa bure kwa wasichana tangu Oktoba 2019, wakianzia miaka 10. Hukinga kabla kirusi hakijaingia. Haitibu mwenye kansa. Kwa hivyo akina mama, hasa wa miaka 25 hadi 49, bado wanahitaji kupimwa. Kipimo kimoja kinachotumika ni cha siki: mhudumu hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, na sehemu yenye dalili ya kuharibika hugeuka nyeupe. Ni kazi ya dakika chache, na sehemu hiyo inaweza kutibiwa kabla haijawa kansa.

2. Kuponya. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi hospitali ya Mulago kule Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kilomita kama 16,000 kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wameuona. Mwaka 1964 wanasayansi wa London waligundua kirusi ndani ya uvimbe huo. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 madaktari wa Kampala na Nairobi walionyesha kwamba watoto wengine wanapona kabisa kwa dawa za kemo. Mpaka leo, mtoto akiletwa mapema na akamaliza dawa, ana nafasi nzuri.

3. Kuishi na ugonjwa. Kuna kansa ambazo haziondolewi kabisa lakini zinashikiliwa, kama vile mtu anavyoishi na kisukari. Mfano ni aina moja ya kansa ya damu. Tangu mwaka 2001 ina dawa ya vidonge iitwayo Glivec, na wagonjwa wengi wa Kenya wameipata bila malipo kupitia mpango wa msaada. Kuna pia dawa mpya zinazoamsha kinga ya mwili yenyewe ipigane na kansa. Waliofungua njia hiyo walipewa Nobel mwaka 2018. Dawa hizi zimewasaidia watu waliokuwa wamekatiwa tamaa. Lakini hazifanyi kazi kwa kila kansa, na bei yake ni kubwa sana. Mtu akiwaambia kuna dawa mpya ng'ambo, swali la kwanza liwe: je, ni ya kansa ya aina hii, na kwa hatua hii?

4. Kutuliza. Hii nayo ni sayansi, na tunaisahau. Hospitali ya Tenwek, kule Bomet, imewasaidia wagonjwa wengi wa kansa ya koo la chakula ambao hawawezi kumeza hata mate. Huingiziwa mrija mdogo wa waya unaofungua njia. Mrija hauponyi kansa. Lakini mtu aliyekuwa anakufa na njaa huku akitazama chakula anaweza kunywa uji tena na wajukuu wake.

MANENO MATATU YA KUMWULIZA DAKTARI

Makosa mengi tunayofanya yanatokana na neno moja: "matibabu". Sisi tukisikia matibabu tunaelewa kuponya. Daktari anaweza kuwa anamaanisha kitu kingine. Basi kila mara mwulizeni:

"Daktari, matibabu haya ni ya KUPONYA, ni ya KUREFUSHA maisha, au ni ya KUTULIZA?"

Kama ni ya kurefusha, ulizeni tena: kwa muda gani hivi? Kwa hali gani, ya kukaa nyumbani au ya kulala wodi? Yataleta taabu gani mwilini? Na tusipoyafanya, itakuwaje? Daktari hawezi kujua siku wala saa. Lakini anaweza kusema kama anazungumzia miaka, miezi au wiki. Msione haya. Kuuliza si ujinga. Mkiwa hamjaelewa, ombeni aseme tena kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani.

Maswali haya si ya kumnyima mgonjwa tiba. Yule ambaye kansa yake bado inaweza kupona asiachwe nyumbani eti kwa sababu pesa ni nyingi. Ulizeni bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inalipia nini, na umpelekeni mapema. Maswali haya ni ya kujua njia mliyopo.

JE, KUACHA MATIBABU NI KUUA?

Hili ndilo swali ambalo vikundi vinatuuliza zaidi, mara nyingi kwa sauti ya chini baada ya mkutano kwisha. Tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni kumwua mgonjwa, au kumsaidia ajiue, hata kwa huruma. Hilo sheria ya Kenya hairuhusu, na makanisa yetu hayalikubali. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 26, inalinda uhai wa kila mtu.

La pili ni kuacha au kukataa tiba ambayo haiwezi tena kumponya, na ambayo mzigo wake umezidi faida yake. Hapo mtu hauawi. Anayemwua ni ugonjwa. Mwaka 1957 Papa Pius wa Kumi na Mbili aliulizwa jambo hili na madaktari, wakati mashine za kupumulia zilikuwa ngeni. Jibu lake lilikuwa kwamba mtu ana wajibu wa kutunza uhai kwa njia za kawaida, lakini halazimiki kutumia njia zisizo za kawaida, zenye kumletea yeye au wengine mzigo mzito mno. Hata wasio Wakatoliki wamekuwa wakitumia mafundisho hayo kwa miaka mingi. Na Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inasema mgonjwa ana haki ya kuelezwa hali yake, kuelezwa njia za tiba zilizopo, na kukataa tiba. Inasema pia kwamba mtu anaweza kumteua mwingine kwa maandishi, ili siku akishindwa kusema huyo akubali au akatae kwa niaba yake.

La tatu ni kumtelekeza mgonjwa. Hii ni kusema "hakuna la kufanya" halafu kumwacha na vidonda, na kiu, na uchungu. Hilo ni kosa daima. Hata tiba ya kuponya ikikoma, kutunza hakukomi: kumwosha, kumgeuza, kumlowesha midomo, kumshika mkono, kumtuliza uchungu.

Kwa hivyo mtoto anayesema "mama amechoka, tumrudishe nyumbani" asiitwe muuaji. Na yule anayesema "tujaribu tena" asiitwe mjinga. Wote wawili wanampenda. Lakini mama mwenyewe ndiye mwenye mwili.

UCHUNGU UNA DAWA

Wengi wetu tunadhani uchungu wa kansa ni lazima uvumiliwe. Sivyo. Kuna mofini ya maji, dawa ya kunywa. Tuijue vizuri maana inaogopwa bure.

- Hunywewa kwa saa, mara nyingi kila baada ya saa 4, kwa kipimo alichoandika daktari. Usingoje uchungu urudi ndipo utoe.
- Mgonjwa wa kansa anayeitumia kwa kipimo cha uchungu wake ni nadra ageuke kuwa mlevi wa dawa. Na ikitolewa ipasavyo haimharakishii kifo. Mara nyingi humrudishia usingizi na hamu ya kula.
- Hufunga choo. Daktari huandika dawa ya kulainisha pamoja nayo. Mkiona hajaandika, mwulizeni.
- Wekeni mbali na watoto, na msimpe mtu mwingine. Mgonjwa akisinzia kupita kiasi au akapumua polepole sana, pigeni simu kwa aliyeandika dawa mara moja.

Hapa kwetu Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990, katika uwanja wa hospitali ya Kenyatta. Kazi yake si kuponya kansa. Kazi yake ni kutuliza uchungu, kumshauri mgonjwa na kufundisha familia kumtunza. Daktari Anne Merriman alifanya kazi hapo kabla ya kwenda Uganda, ambako mwaka 1993 alianzisha Hospice Africa Uganda. Kule hutengeneza mofini ya maji kwa unga na maji, na kuitia rangi mbalimbali ili mtu asikosee nguvu yake. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu manesi na maafisa wa kliniki waliofunzwa maalum kuiandika, kwa sababu vijijini daktari hapatikani. Basi jambo hili si la matajiri wala la ng'ambo. Limefanyika kwa majirani zetu, katika nyumba za udongo na za mabati.

Mkiwa na mgonjwa, mwambieni mhudumu wa afya wa jamii wa mtaa wenu, au ulizeni katika kituo cha afya kilicho karibu: "Tutapata wapi huduma ya kutuliza?" Hilo ndilo neno la kutumia.

JINSI YA KUMWULIZA MGONJWA

Watu husema ukitaja kifo unakiita. Lakini wazee wetu hawakuogopa hivyo. Mzee wa Kikuyu akiona siku zake zimekaribia aliwaita watoto, akasema nani apewe nini, nani ana deni lake, na maneno yake ya mwisho yaliheshimiwa sana. Wosia si jambo geni. Ni sisi tumeuacha tulipoanza kufia wodini.

Tuna mfano wa karibu pia. Profesa Wangari Maathai alifariki kwa kansa hapa Nairobi tarehe 25 Septemba 2011. Alikuwa amesema mapema kwamba hataki kuzikwa kwa jeneza la mbao, kwa sababu maisha yake yote alitetea miti. Familia ilimsikia. Jeneza likatengenezwa kwa magugu-maji, mafunjo na mianzi, na mwili ukachomwa, jambo ambalo wengi hawakulizoea. Aliulizwa, au alisema bila kuulizwa, na neno lake likatimizwa.

Fanyeni hivi:

1. Achagueni mtu mmoja anayempendeza mgonjwa. Asiende umati.
2. Aketi chini, asisimame juu yake. Redio izimwe.
3. Aanze na anachokijua mgonjwa: "Mama, wewe unaelewaje huu ugonjwa wako?" Mara nyingi utakuta anajua kuliko nyinyi.
4. Aulize anataka kujua kiasi gani. Wengine hutaka yote, wengine hawataki. Yote mawili ni haki yake.
5. Aulize: "Ni nini kinakusumbua zaidi sasa? Ni nini unakiogopa? Ungependa uwe wapi? Ni nani akusemee ukishindwa kusema?"
6. Akisema, msibishane naye. Andikeni, asomewe, na aweke sahihi au alama ya kidole mbele ya mashahidi wawili. Nakala moja ikae nyumbani, nyingine iende na faili ya hospitali.
7. Mgonjwa anaweza kubadilisha mawazo wakati wowote. Ulizeni tena.

Fanyeni mapema, akiwa bado ana nguvu za kusema. Na sio kwa wagonjwa tu. Hata sisi wazima tungeweza kuwaambia watu wetu wiki hii.

PESA ZA KIKUNDI

Angalieni madaftari yenu. Sisi tuliangalia yetu tukaona jambo la aibu. Tunachangia hospitali. Tunachangia mazishi, na hapo hata mahema na basi hatukosi. Lakini ule wakati wa katikati, wakati mtu yuko kitandani nyumbani, hatuchangii kitu. Na hapo ndipo panahitajika godoro lisiloleta vidonda, nepi za watu wazima, sabuni, nauli ya kwenda kuchukua mofini, na mtu wa kukaa na mgonjwa ili binti yake naye alale usiku mmoja.

Tunapendekeza kila kikundi kiweke fungu dogo la kutunza mgonjwa nyumbani, na zamu ya kumtembelea. Tena kabla kikundi hakijatoa mkopo au kuitisha harambee ya matibabu, mwenyekiti aulize mambo mawili: matibabu haya ni ya kuponya, kurefusha au kutuliza? Na mgonjwa mwenyewe ameulizwa?

KISA KILIVYOISHA

Mzee yule aliingia chumba cha pili peke yake na binti. Alikaa huko karibu saa nzima. Halafu akatuita sote mlangoni, mama aseme mwenyewe.

Alisema, "Nataka kulala kitanda changu. Huu uchungu wa mgongo ndio umenishinda, mkinipunguzia huo nitashukuru. Ploti msiuze, hiyo ni ya hawa watoto. Na mniambie ukweli. Mimi sio mtoto."

Kifungua mimba alitoka nje akalia karibu na kibanda cha ng'ombe kilichokuwa kitupu. Alikasirika na mzee, na sisi pia.

Wiki hiyo binti alikwenda kutafuta mofini. Usiku wa pili mama alilala mpaka jogoo akawika, jambo ambalo hakuwa amefanya kwa miezi mitatu. Aliishi wiki tisa. Siku nyingine alibebwa nje akaketi juani, akachambua maharagwe na wajukuu. Pesa za harambee alisema zilipe kwanza deni la kikundi, na zilizobaki zikanunua godoro, nepi na nauli. Aliwaita watoto mmoja mmoja. Mjukuu wake wa kike, wa miaka 11, alisema apelekwe kuchanjwa mwenyewe akiwa hai wa kujua. Alipelekwa.

Kijana mkubwa alikuja kila Jumamosi. Ni yeye aliyekuwa akimbeba kumtoa nje, maana ndiye mwenye nguvu. Mpaka leo akiwa na sisi husema labda wangejaribu India. Hatubishani naye. Pengo la mama halizibwi na somo.

Lakini kuna jambo moja tunalolijutia sisi, na ndilo limetufanya tuandike. Ile miezi mitatu ya uchungu haikuwa lazima. Dawa ilikuwepo mjini humu humu, nauli ya matatu tu. Tulikuwa na daftari, tulikuwa na kalamu, na tulikuwa na midomo. Tulikosa tu kuuliza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika mtaa wenu, mtu akipatikana na kansa ni nani huambiwa kwanza? Je, ni mgonjwa?
2. Kuna tofauti gani kati ya kuacha tiba na kumtelekeza mgonjwa? Toeni mifano mliyoiona, bila kutaja majina.
3. Kama ungekuwa yule kifungua mimba, ungefanya nini? Kama ungekuwa binti?
4. Ni wasichana wangapi wa nyumba zetu wamefikisha miaka 10 na hawajachanjwa? Ni akina mama wangapi kikundini hawajawahi kupimwa? Ni nani atawasindikiza, na siku gani?
5. Kikundi chetu kinaweza kuweka shilingi ngapi kwa mwezi kwa ajili ya kutunza mgonjwa nyumbani?

KAZI YA NYUMBANI: Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja amwambie mtu mmoja wa nyumba yake ni nani angependa amsemee siku akishindwa kusema. Mkikutana, msiulizane mlisema nani. Ulizaneni tu: umesema?